Mpaka Uliohamishwa kwa Brashi

Ng'ombe aliyempa Gedion jina hakuwahi kula jani hata moja. Alikuwa wa rangi, kwenye ukuta wa bucha moja mjini Embu, mwekundu mwenye mabaka meupe, na macho yake yalikuwa na upole hadi wateja wakawa wanamwomba radhi kabla ya kuagiza nusu kilo. Watu wa Kibugu wanasema dume la mwalimu mmoja lilimwona ng'ombe huyo siku ya soko, likasimama mbele ya ukuta kutoka asubuhi hadi jioni. Likakataa maji, likakataa nyasi, likakataa fimbo. Ikabidi Gedion aitwe amchoree ng'ombe wake blanketi la kumfunika mwili mzima, ndipo dume likakubali kurudi nyumbani, nalo liligeuka nyuma njia nzima. Asiyeamini aende Embu aulize. Ukuta wenyewe ulibomolewa, lakini waliouona wapo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Gedion tangu ujana. Alichora vibao vya maduka na vinyozi, sahani za chapati zinazotoa moshi, na vichwa vya wanaume walionyolewa vizuri kuliko mwanamume yeyote anayepumua. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango. Bango likawa linatoka kama shuka lililopigwa pasi, mchana uleule lililoagizwa. Gedion hakulia wala hakulaani mtu. Alifunga brashi zake kwa kamba ya mgomba, akakusanya mikebe yenye rangi iliyobaki chini chini, akapanda kurudi Kibugu kwa mke wake Igoki, kwa chai yao kidogo, migomba yao, na kidimbwi cha nduma, yale magimbi ya majini, kilichoko nyuma ya jikoni.

Kibugu iko juu, karibu na msitu wa mlima, na baridi ya huko haina adabu. Inaingia nyumbani bila hodi na kukaa kwenye kiti cha baba. Asubuhi ukungu hulala juu ya nduma ukiwa mzito, hata jogoo huwika kwanza ndipo ajue mdomo wake uko wapi. Gedion alikuwa amezaliwa ndani ya ukungu huo na hakuwahi kuutazama. Sasa, mzee asiye na kibao cha kumaliza wala mteja wa kumkimbiza, alitoka asubuhi moja na kikombe chake cha chai, akaona majani ya nduma yanajitokeza moja moja, kama watu wanaoingia kanisani wamechelewa. Alisimama pale hadi chai ikapoa. Akaenda akang'oa plaiwudi iliyoziba dirisha la stoo, akachukua brashi.

Igoki alimkuta amechutama kando ya maji.

"Baba Maxine, hiyo ni nini unachora?"

"Nduma."

"Nduma si hizo hapo? Ukitaka kuziona geuza shingo."

"Hizi ni za asubuhi. Za mchana ni zingine."

"Nduma ni nduma. Mimi hupika za asubuhi na za mchana, na hazijawahi kubadilika kwa sufuria."

Lakini Gedion alichora za mchana pia. Akachora za mvua. Akachora zile za jioni, mlima unapovua kofia yake kidogo na maji yanakuwa na rangi ya ndizi iliyoiva. Plaiwudi zikaisha, akachora kwenye mlango wa kibanda cha kuku, kwenye kifuniko cha pipa, kwenye mgongo wa kabati. Brashi yake haikuwa tena na haraka ya kuandika KARIBU WOTE. Iliweka doa hapa, doa pale, nyeupe juu ya buluu, zambarau mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kuona zambarau. Ukisogea karibu, unaona kama mtoto ametapika. Ukirudi nyuma, unaona maji, na unataka kukunja suruali usilowe.

Igoki alikuwa wa kusogea karibu. "Huu ni uji umemwagika," alisema. Gedion akamshika mkono, akamvuta kinyumenyume, wakapita kuni, wakapita kamba ya nguo, hadi akamsimamisha penye mpera. Igoki akatazama. Akanyamaza. Sasa Igoki kunyamaza ni habari. Kabla ya saa ya chai majirani walikuwa wametuma mtu aje kuuliza kama kuna mgonjwa.

Hata hivyo picha hazikumzuia Igoki kuwa na akili ya nyumba. Ile ya mchana wa jua aliitumia kufunikia kibanda cha kuku, na kuku wakaanza kutaga kama wamesikia Krismasi imefika. Ile ya mvua aliiweka upande wa mbuzi, na mbuzi wakakataa kutoka nje hadi ilipogeuzwa ikatazama ukuta.

Basi miaka ikaenda hivyo, mzee na kidimbwi chake, na angekuambia kwamba hakuna mfalme aliyemshinda.

Lakini mwenye maji alikuwa Ngari.

Ngari ni jirani, shamba lake liko juu kidogo. Yeye na Gedion ni rika moja. Waliingia jandoni siku moja, wakakatwa na kisu kimoja, na hadi leo kila mmoja husema aliyelia ni mwenzake. Mfereji unatoka kwenye kijito cha msituni, unapita katikati ya chai ya Ngari, halafu unaangukia kidimbwini kwa Gedion. Baba zao waliuchimba pamoja. Na walipomaliza kuuchimba walipanda mpaka pamoja, kwa maua.

Pande zile watu hawakuanza na seng'enge. Walianza na maua ya mpaka, yale meupe yenye mistari ya wekundu mwembamba, yenye kitunguu kikubwa chini ya udongo. Hupandwa mbele ya wazee, na yakishapandwa hayaguswi. Jua likiwaka yanajificha ardhini, mvua ikirudi yanachomoza palepale, yakisema huyu ni wa huku na yule ni wa kule. Mtu akiyang'oa na kuyasogeza, wanasema mkono wake utakauka kama kuni na chakula kitamkataa kooni. Mpaka wa Gedion na Ngari ulikuwa umepinda kama kiwiko, ukikikumbatia kidimbwi upande wa juu na upande wa kulia, na ndani ya miaka yote ile hakuna aliyewahi kubishana juu yake.

Ndipo Kathambi alipokuja na ombi lake.

Kathambi aliolewa Kibugu kutoka Kaaga kule Meru, na alikuja na ulimi wake wote, hakuacha hata nusu kwao. Alimkuta Gedion njiani akamwambia, "Guka, sisi kwa kituo cha chai tunangoja lori tukiangalia mabati. Mabati na sisi, sisi na mabati. Si utuletee hata hizo nduma zako tuziangalie?"

Gedion alitembea kurudi nyumbani akiwa mrefu kuliko alivyotoka. Kwa miaka watu walikuwa wakisema ule ni mchezo wa mzee. Sasa kituo kizima cha kununulia chai kilitaka kuona. Akatafuta ubao mkubwa kuliko yote, ule ambao Igoki alikuwa anaanikia mahindi, akakaa mahali pake pa siku zote chini ya paa la jikoni.

Mvua ilikuwa inamalizika na maua ya mpaka yalikuwa yamechanua. Akachora jikoni na moshi wake. Akachora migomba, akachora nduma. Alipofika kwenye maua akakwama. Yalikuwa ukingoni, nyuma kabisa ya majani ya nduma, na kwenye picha yalipotelea hapo kama vitambaa vilivyoangushwa na upepo vichakani. Rangi nyeupe inataka giza nyuma yake, hilo alilijua tangu siku za vibao. Akainua macho. Juu kule chai ya Ngari ilikuwa imesimama, kijani kizito karibu cheusi. Gedion akayatoa maua ukingoni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akayapanda tena kwa brashi kule juu, mstari mzuri, katikati ya chai.

Picha ikapumua. Gedion naye akapumua, akala, akalala usingizi wa mtu asiye na deni wala dhambi.

Kesho yake ubao ulitundikwa kituoni, na jioni wakulima walifika na vikapu vyao vimejaa.

"Hiyo si jikoni ya Igoki? Ona hata sufuria!"

"Na kuku yule mwenye shingo tupu!"

Wakacheka, wakafurahi, wakarudi nyuma na kusogea mbele. Kathambi ndiye aliyekunja macho. "Ngojeni. Maua ya mpaka yako wapi hapa?" Akafuata mstari kwa kidole. "Yesu! Ngari, kuja uone mahali umehamishiwa."

"Ngari, hicho kikapu si chako tena," mwingine akadakia. "Umechuna kwa Gedion. Mpelekee na umwambie asante."

"Mpaka umetembea! Kesho utaupata jikoni kwako umekalia stuli, unaitisha chai."

"Na maziwa!"

Watu wakashika mbavu. Ngari hakucheka. Aliutazama ubao, akarudi hatua moja nyuma, akarudi nyingine, na kadiri alivyorudi nyuma ndivyo chai yake ilivyozidi kuwa chai yenyewe hasa, na maua yakazidi kusimama ndani yake yakiwa na mizizi. Akakanyaga kikapu cha mtu. Akageuka akaenda zake, kikapu chake akakiacha pale bila kupimwa, jambo ambalo mkulima wa chai hafanyi hata akiambiwa nyumba yake inaungua.

Asubuhi Gedion aliamshwa na kitu ambacho hakikuwepo. Alilala akisikiliza, akajiuliza ni nini, kisha akajua: maji hayasemi. Alitoka akapanda na mfereji, na kila alipopanda ulikuwa mkavu, hadi akafika kwenye chai ya Ngari. Mfereji ulikuwa umezibwa kwa shina la mgomba na matope, na juu ya mgomba alikuwa amekaa Ngari, amevaa koti lake la kanisani.

"Ngari, maji yamekwama?"

"Hayajakwama. Nimeyakalia."

"Kwa nini uyakalie, rika langu?"

"Wewe umechukua chai yangu kwa brashi. Mimi nimechukua maji yangu kwa matako. Tuko sawa."

"Ile ni picha tu, mzee."

"Picha tu! Na yule ng'ombe wa bucha alikuwa nini? Si ni picha tu? Uliza dume la mwalimu kama lilikuwa picha tu!"

"Nitaishusha leo leo."

"Uishushe kutoka wapi? Kwa ukuta utaishusha. Na kwa macho ya watu utaishusha na ngazi gani?" Ngari akajifunga koti vizuri. "Nenda nyumbani, Gedion. Nataka wazee."

Kidimbwi kile kina tumbo la kuvuja. Maji yakiingia kinajaa, yasipoingia kinajinywa chenyewe. Mvua ilikuwa imeshaaga. Siku zikapita, maji yakashuka, yakaacha pete ya matope, kisha pete nyingine ndani yake. Majani ya nduma yakainamisha masikio kama mbuzi walionyeshewa. Asubuhi ukungu ulikuja, ukatafuta maji ya kulalia, ukayakosa, ukaenda kulala kwa watu wengine. Gedion alikaa chini ya paa la jikoni na brashi kavu mkononi. Alijua vizuri kilichokuwa kinakwenda. Maji ya Ngari yasiporudi, nduma zitakufa, kidimbwi kitakuwa shimo, na yeye atakuwa mzee kama wazee wengine, wa kungoja chakula na kuuliza ni siku gani.

Igoki hakumsaidia. "Shamba zima ni lako la kusogeza. Ungesogeza choo! Kile choo kimekaa vibaya tangu tukijenge. Ungesogeza hata mlima, nani angekuuliza? Wewe ukaona maua ya mpaka."

"Yalikuwa yanataka giza nyuma."

"Sasa umepata giza. Liko mbele na nyuma."

Lakini mwanamke huyo hakuwa wa kuangalia chakula kikioza. Alikunja leso, akaingia kwenye matope hadi magotini, akazing'oa nduma zote, kubwa na ndogo, akaacha kidimbwi kitupu kama bakuli lililolambwa. Alizichemsha kwenye sufuria ile ya harusi. Maana alikuwa amesikia kwamba wazee wanakuja.

Walikuja na bakora zao na kofia zao, na aliyewaongoza ni Mutugi, mzee wa kijiji, mtu mwenye kofia pana ya ukili ambayo watu husema ana kibali cha kuikodisha kama kivuli siku za mazishi. Walikuwa wamepitia kituoni wakaushusha ule ubao, wakaubeba wenyewe kwa zamu, wakipumzika kila kona. Walipoufikisha mpakani wakauegemeza kwenye chai, picha ikawa inatazamana na mahali penyewe. Wazee wakatazama huku, wakatazama huku. Hakukuwa na haja ya kupima.

"Gedion," Mutugi akasema, "umehamisha mpaka?"

"Nimehamisha rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya maua."

"Maua ya nini?"

Gedion akakuna kichwa. "Ya mpaka."

"Basi," wazee wakaitikia kwa pamoja, na mmoja akaanza kutaja mbuzi. Anayesogeza maua ya mpaka hutoa mbuzi, hiyo iko tangu zamani, na awe mnono.

"Wazee wangu," Gedion akasema kwa upole wote, "kama mpaka niliohamisha ni wa rangi, haki ni mbuzi naye awe wa rangi. Nitawachorea mmoja ambaye hamjawahi kuona kwa unono."

Mzee mmoja aliyekuwa na meno machache akacheka hadi akashikwa mgongo. Mutugi hakucheka. "Na sisi tutamla na nini? Na macho?"

"Mtakula nduma," Igoki akasema, akija na sufuria kichwani, mvuke ukimfuata. "Na chai iko. Mbuzi wangu hawana kesi na mtu."

Mzee akishaumwa na harufu ya nduma mpya hawezi tena kukumbuka mbuzi. Walikaa ukingoni, wakamenya, wakapuliza vidole, wakala. Ngari naye alikula, kwa sababu kugombana na Gedion haikuwa kugombana na Igoki. Ni baada ya kula ndipo alipozungumza, na hakuzungumza kama mtu anayepigana.

"Mimi nina watoto wanne Nairobi," alisema. "Wanakuja Krismasi, wanakaa ndani wakitafuta mtandao. Hakuna mmoja anajua mpaka unapita wapi. Nikiwaambia twende niwaonyeshe, wanasema kuna umande. Mimi nikifa na huyu akifa, wataenda kuuliza nani? Maua yatakuwa yamejificha chini, ni kiangazi. Wataona hiyo picha hapo kituoni. Nayo hiyo picha..." Akaitazama tena, akashindwa kujizuia. "Hiyo picha ni ya kweli. Hata mimi nikiiangalia, naanza kujiuliza kama ni mimi nimekosea."

Gedion alikuwa na kipande cha nduma mdomoni na alisahau kukitafuna. Miaka yote ile, mke alisema uji, majirani wakasema mchezo, na hata Kathambi alitaka tu kitu cha kuziba mabati. Mtu wa kwanza katika Kibugu kuiamini picha yake, kuiamini hadi akaiogopa, alikuwa huyu aliyezuia maji. Aliona haya, na chini ya ile haya alisikia furaha ikimpanda, akainamisha uso ili wazee wasiione, maana haikuwa mahali pake.

"Ngari," akasema, "sikufikiria hao watoto."

"Najua hukufikiria. Ulikuwa unafikiria weupe."

Mutugi akapangusa mikono. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: yale maua yatolewe kwenye chai hapahapa, mbele ya kila mtu, na Gedion achore mpaka ulivyo. Na asichore akiwa kwake, kwa sababu akiwa kwake ndiko alikopotokea. Achore akiwa amesimama kwenye shamba la Ngari.

Gedion alipoleta mikebe yake, Ngari hakungoja. Alichukua brashi mwenyewe, akaichovya kwenye kijani, akayapaka yale maua kama mtu anayekandika nyumba. Alipaka maua, akapaka nusu ya mgomba, akamfuta yule kuku mwenye shingo tupu, na wazee wakamshika mkono kabla hajafika jikoni. Gedion aliugeuza ubao, upande wa nyuma ulikuwa safi, wenye harufu ya mahindi. Akapanda akasimama kati ya mistari ya chai ya Ngari, upande wa juu wa kile kiwiko, mahali ambapo hakuwahi kusimama na brashi tangu azaliwe.

Akatazama chini. Akainua brashi. Akaishusha.

"Siwezi."

"Umeanza," akasema Ngari.

"Mmesema nichore mpaka ulivyo. Angalieni ulivyo! Baba zetu walipanda haya maua kwenye ukingo wa maji. Maji yako wapi? Nikichora tope, watoto wako watakuja waseme mpaka ulipita kando ya shimo, watafute shimo shamba zima. Nitakuwa nimedanganya mara ya pili, na mara ya pili mtataka mbuzi kweli."

Mzee wa meno machache akasema hiyo ni hoja. Mutugi aligeuza tu kofia yake polepole hadi ikamwelekea Ngari, na wote wakageuka na ile kofia.

"Si mniangalie vizuri," Ngari akanung'unika. Aliinuka kidogo kidogo, goti kwanza, halafu lingine, akaenda kwenye mfereji. Akauvuta mgomba. Mgomba ulikuwa umelewa maji na haukutaka kutoka. Gedion akaweka brashi chini akaja akashika upande wa pili.

"Vuta, wewe uliyelia jandoni."

"Aliyelia ni wewe. Mimi nilikuwa nakohoa."

Mgomba ukachomoka, wakaanguka wote wawili kwenye matope, na maji yakawapita juu ya miguu yakiwa na haraka ya mtu aliyefungiwa. Yakateremka na majani makavu na povu, yakafika kidimbwini, yakazunguka pale chini yakitafuta kona zao. Igoki alileta chai. Wazee waligeukia nduma tena. Hakuna aliyezungumzia kwenda nyumbani. Hata lori la chai lilipiga honi kule barabarani na wakaliacha lijipigie.

Jua lilikuwa limeelekea msituni maji yalipotulia. Gedion akarudi kwenye ubao wake na kutazama, na mkono ukamsimama hewani.

Nduma hazikuwepo. Miaka yote majani yake yalikuwa yamefunika maji ya upande ule hadi ukingoni, na miaka yote yeye alikuwa ametazama kutoka jikoni. Sasa maji yalikuwa wazi, meusi kama sufuria, na ng'ambo yake, upande wa kulia wa mpaka, maua yalisimama mahali palepale yalipopandwa, na chini yao ndani ya lile giza yalisimama mengine, vichwa chini, meupe, hakuna jani lililoyaziba. Yale yaliyomkwamisha kwenye picha, yale aliyoyapandisha mlimani kutafuta giza. Akachovya, akaweka doa. Akachovya. Alisahau kesi, akasahau tope lililokauka kwenye suruali, akasahau kwamba amesimama kwenye chai ya mtu.

Ngari alikuja nyuma yake na kikombe. Akatazama ubao, akatazama maji, akatazama ubao. Akahesabu kwa kidole mstari wa juu, akaridhika. Kisha kidole kikashuka.

"Mutugi," akaita. "Haya ya juu ni mpaka, sawa. Haya ya chini yako ndani ya maji ya Gedion. Ni ya nani?"

Mutugi akaja na bakora yake hadi kwenye ukingo. Alikitazama kidimbwi kwa muda, akachomeka bakora ndani, na maua ya chini yakatetemeka, yakavunjika, yakarudi.

"Hayana kitunguu," akatangaza.

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo anaweza kuyasogeza anavyotaka."

Ngari akafikiria, akanywa chai. "Ayachukue basi," akasema. "Lakini asiyalete juu."

Gedion hakuwasikia wote wawili. Alikuwa amekunja uso, brashi iko juu, anaangalia kitu kilichoingia kwenye weupe wake bila ruhusa.

"Mutugi, songa huko," alisema. "Kofia yako imekanyaga maji."